Kalipa, Picha au Programu? Ulinganisho kwa Anayechunguza Sifa za Mwili wa Binadamu Akiwa Dodoma

Mwanafunzi anayeandaa utafiti kuhusu sifa za mwili wa binadamu, iwe ni upana wa pua, uwiano wa vidole, madoa ya meno au kimo cha watoto wa shule, hufika mapema kwenye njia panda. Je, apime mwili wenyewe kwa kalipa (chombo chenye taya mbili zinazobana kitu ili kusoma upana wake) na futikamba, apige picha kisha aipime picha hiyo kwenye kompyuta, au aiachie programu itafute macho na pua yenyewe na kumletea jedwali lililokwisha kujaa namba? Hapa Dodoma, ambako simu yenye kamera nzuri hupatikana kwa urahisi kuliko kalipa ya maabara, wengi huchagua picha kwa sababu tu simu imo mfukoni. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na msimamo wangu ni kwamba njia ichaguliwe na sifa inayochunguzwa, kwa kuwa kila njia ina kosa lake, na kosa lisilo na madhara katika kuhesabu madoa ya meno linaweza kuharibu kabisa kipimo cha sikio.

Niweke mpaka kwanza. Katika Kiswahili neno "sifa" hubeba umbo la mtu na pia mwenendo wake, nami hapa nazungumzia umbo peke yake. Picha inaweza kueleza umbali kati ya pembe mbili za macho, lakini haiwezi kueleza kama mwenye macho hayo ni mwaminifu. Katika karne ya 19 Cesare Lombroso wa Italia alidai kwamba uhalifu husomeka usoni, na madai hayo yalishindwa kusimama. Yakirudiwa leo na kompyuta hayapati nguvu mpya kwa sababu tu yametoka kwenye mashine.

Kipimo cha mkono

Kalipa yenye vernia, yaani kipimo kidogo kinachoteleza kando ya kile kikubwa, husoma hadi sehemu ya kumi ya milimita, haihitaji umeme wala mwanga maalumu, na ina fadhila moja ambayo kamera haina: inagusa. Upana wa uso kati ya mifupa ya mashavu hupimwa kwa kubonyeza ngozi mpaka chombo kikutane na mfupa, ilhali picha huishia kwenye ngozi na mafuta yaliyo chini yake, hivyo namba mbili zinazopatikana kwa mtu yuleyule haziwezi kulingana, na wala hazipaswi kulazimishwa kulingana. Kwa kimo hakuna mjadala mrefu. Ubao wa kupimia urefu uliopo kliniki husoma hadi milimita, mtoto wa chini ya miaka miwili akilazwa na aliyezidi umri huo akisimama, na sijaona sababu ya kuuacha ubao huo ili kupima kimo kwenye picha. Ndivyo ilivyo pia kwa mzunguko wa mkono wa juu: utepe wenye rangi tatu, ambao mpaka wake wa nyekundu ni mm 115 na wa njano ni mm 125, ni wa bei ndogo, hupima kwa sekunde chache, na mhudumu wa afya wa kijiji anaufahamu.

Udhaifu wa mkono ni kwamba mshiriki akishaondoka, kipimo kimeondoka naye. Ukigundua usiku kwamba namba moja haina mantiki, huna pa kurudi. Aidha, wapimaji wawili hawabonyezi sawasawa. Alphonse Bertillon, karani wa polisi wa Paris aliyeanza mwaka 1879 kuandaa utaratibu wa kuwatambua wafungwa kwa vipimo vya mwili, alikuta mfumo wake ukitegemea mno mkono wa askari aliyeshika chombo. Ni jambo la kupendeza kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeweka utaratibu wa picha ya mbele na ya ubavu ambao polisi wa nchi nyingi wanaufuata hadi leo, yaani kalipa na kamera zilikwisha kukaa meza moja kabla ya kompyuta kuzaliwa.

Picha inayopimwa na mtu kwenye kompyuta

Hapa ndipo watafiti wengi wa kwetu huishia, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Programu ya ImageJ, iliyotengenezwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na kutolewa mwaka 1997, ni ya bure, hufanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya zamani na haihitaji intaneti baada ya kuwekwa. Matumizi yake si magumu: unafungua picha yenye rula ndani yake, unachora mstari juu ya sentimita zinazojulikana, unaiambia programu mstari huo ni milimita ngapi, na kuanzia hapo kila mstari utakaouchora utasomwa kwa milimita. Faida yake kubwa ni kwamba picha hubaki. Unaweza kuipima Jumatatu na kuirudia Ijumaa, msimamizi wako anaweza kuipima bila kuona namba zako, na mtahini akitilia shaka jambo unamfungulia faili.

Hata hivyo, rula iliyomo ndani ya picha inaweza kumdanganya mtu kwa utulivu kabisa. Nimewahi kupoteza kazi ya siku nzima katika shule moja ya msingi kwa sababu tuliwaachia wanafunzi washike rula wenyewe chini ya kidevu, nasi tukawa tunapima masikio. Rula ilikuwa mbele, masikio yalikuwa nyuma yake kwa takribani sentimita 10, na kamera ilikuwa karibu mno. Hesabu yake ni nyepesi: kamera ikiwa sm 50 kutoka kwenye rula, sikio lenye mm 60 litasomeka kuwa mm 50. Ukirudi nyuma hadi mita 2, sikio hilohilo litasomeka mm 57, na kwa mita 3 litasomeka mm 58. Hakuna programu itakayokuonya, kwa kuwa picha zote zitaonekana safi. Dawa ni kuiweka rula kwenye usawa uleule wa kitu kinachopimwa: ubavuni mwa kichwa ikiwa ni sikio, kando ya tundu za pua ikiwa ni pua.

Umbali huo huo huharibu pua kwa namna ya kinyume. Madaktari wa Marekani walionyesha mwaka 2018 kwamba picha ya kujipiga kwa umbali wa takribani sm 30 huifanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30, lakini kwa umbali wa mita moja na nusu upotoshaji huo hauonekani tena. Basi mtu angesema, turudi nyuma mita 2 na tatizo limekwisha. Halijaisha. Lenzi kuu ya simu nyingi huona eneo pana, hivyo kwa mita 2 upana wa picha unaweza kuchukua karibu mita 2.8 za ukuta. Ikiwa picha ina pikseli 4,000 kwa upana, kila pikseli inabeba takribani mm 0.7. Kalipa ya kawaida imeshinda hapo. Anayetaka kupima uso kwa picha atafute kamera yenye lenzi ndefu, au simu yenye lenzi ya pili ya kuvuta mbali, na asitegemee kukuza picha kwa vidole viwili kwenye kioo, kwa maana huko ni kuikata picha tu.

Picha hushinda pale ambapo sifa ni bapa, ni ya kuhesabiwa, au inahitaji hukumu ya macho zaidi ya moja. Meno ni mfano ulio karibu nasi. Mkoa wa Singida ni miongoni mwa maeneo ya nchi ambako maji ya baadhi ya visima yana floraidi nyingi, na watoto waliokua wakiyanywa huota meno yenye mistari myeupe, madoa ya kahawia au vishimo. Kipimo cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978 huyapanga meno hayo kuanzia 0 hadi 9, na daraja mbili zinazofuatana zinaweza kuwagawa wataalamu waliobobea. Anayekagua kinywani kwa tochi huamua mara moja na shauri likafungwa. Picha humwezesha mwamuzi wa pili na wa tatu kuamua bila kujua mwenzake alisema nini, na pia humwezesha mtafiti kupima ni asilimia ngapi ya uso wa jino imefunikwa na doa. Masharti ni mawili. Jino likaushwe kwanza, kwa kuwa mate huficha madoa hafifu, na mwanga wa flashi usiachwe upige jino uso kwa uso, kwa sababu mng'ao wake mweupe utahesabiwa kama doa. Vichujio viwili vya polaraizi, yaani vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, kimoja kwenye taa na kimoja kwenye lenzi, huondoa mng'ao huo.

Kongwa nako kuna somo la aina hiyohiyo. Wilaya hiyo imechunguzwa na watafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza, tangu miaka ya 1980, na kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1987 mkaguzi hugeuza kope ya juu na kuangalia kama kuna vinundu vitano au zaidi, kila kimoja kikiwa na angalau mm 0.5. Hiyo ni alama ya ugonjwa, si sifa ya kudumu ya mtu, lakini kazi ya macho ni moja: kuhesabu vitu vidogo katika eneo dogo, mtoto akiwa hana subira. Picha moja iliyo kali inamsaidia mkaguzi kuliko dakika tatu za kuishika kope ya mtoto anayelia.

Vidole ni mfano wa tahadhari. Wanaochunguza uwiano wa kidole cha shahada na kidole cha pete hupenda kukilaza kiganja kwenye skena ya ofisini, kwa sababu ni haraka na rula haihitajiki sana. Kioo, hata hivyo, huibana nyama ya ncha za vidole, na uwiano unaopatikana kwa nakala za mashine umeonekana kuwa mdogo kuliko unaopatikana kwa kalipa kwenye vidole vyenyewe. Njia zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni kupima wanaume kwa kalipa na wanawake kwa skena, kisha kuandika kwamba umegundua tofauti ya kijinsia.

Rangi ya ngozi

Ushauri wangu hapa ni mkali zaidi: usipime rangi ya ngozi kwa simu ukiwa uwanjani, isipokuwa uko tayari kufanya kazi kubwa ya ziada. Jua la Dodoma kuanzia saa tatu asubuhi ni kali kiasi cha kukata uso vipande viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi, na ukikimbilia kivulini unakutana na matatizo mengine: chini ya mwembe mwanga huwa na ukijani, chini ya turubai la buluu kila mtu huwa wa buluu, na udongo mwekundu wa kiangazi hurudisha wekundu wake chini ya kidevu. Simu nayo hurekebisha rangi yenyewe bila kuomba ruhusa, na nyingi zinazouzwa madukani huwashwa zikiwa tayari na kile kipengele cha kulainisha sura ambacho hufuta chunusi, mikunjo na makovu, yaani hufuta data. Kizime kabla ya picha ya kwanza.

Kadi ya rangi yenye miraba 24, ikipigwa pamoja na mshiriki katika kila picha, husaidia kusahihisha rangi baadaye, lakini lazima ipate mwanga uleule unaoangukia ngozi. Kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi na kuwekwa juu ya ngozi, chenye taa yake ndani, hakijali mwembe wala turubai. Ikiwa chuo chako kinacho, kiazime. Na kipimo cha Fitzpatrick cha mwaka 1975, ambacho wanafunzi hupenda kukinukuu, kilitungwa kueleza jinsi ngozi inavyoungua au kuiva kwa jua. Kina daraja sita tu, na sehemu kubwa ya watu wa mkoa huu wataangukia mbili za mwisho, hivyo utakuwa umepima kitu kisichotofautisha watu wako.

Programu inayoweka nukta yenyewe

Njia ya tatu huvutia kwa sababu inaonekana kuondoa kazi. MediaPipe ya Google, kwa mfano, huweka nukta 468 usoni ndani ya muda mfupi na nukta 33 kwenye mwili mzima, ni ya bure, na mwanafunzi anayejua misingi ya lugha ya Python anaweza kuitumia ndani ya wiki moja. Lakini nukta hizo hazitoki zikiwa na milimita, na kina cha uso hukadiriwa kutokana na nyuso ambazo programu ilifundishwa nazo. Ikikutana na uso usiofanana na hizo, haisemi "sijui". Inauvuta uso huo kuelekea ule inaoutarajia na kukuletea namba kwa ujasiri uleule.

Jambo hili si la kinadharia. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizijaribu programu tatu za kibiashara za kutambua jinsia kwa picha 1,270 za wabunge, wakiwamo wa Rwanda, Senegal na Afrika Kusini kwa upande mmoja, na wa Iceland, Finland na Sweden kwa upande mwingine. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Programu zimeboreshwa tangu wakati huo, lakini mtafiti wa Chamwino au Manyoni hawezi kudhani kwamba zimeboreshwa kwa ajili ya watu wake mpaka amezijaribu. Kuna pia mambo ambayo hakuna aliyeifundisha programu: hijabu inayofunika masikio na mpaka wa nywele, au wazee wa Kigogo ambao ndewe zao zilitobolewa na kutanuliwa tangu ujanani. Mpimaji wa mkono naye atatatizika na ndewe hizo, ila yeye atasimama na kuuliza sikio linaishia wapi.

Pale ambapo njia hii haina mpinzani ni kwenye mwendo na kwenye wingi. Ukitaka kujua mtoto anainama kwa pembe gani anapoandika kwenye dawati lililo refu kuliko yeye, na uifuatilie pembe hiyo kwa dakika 40 za kipindi, hakuna mkono wala kalipa itakayokufaa; video ya ubavuni pamoja na nukta za mwili ndiyo njia. Pembe, tofauti na urefu, haihitaji rula, mradi kamera iwe imekaa ubavuni kwa usawa.

Kuhusu umbo la pande tatu linalojengwa kwenye kompyuta, maneno machache yanatosha. Linafaa kwa ujazo na mikunjo, kama vile umbo la fuvu la mtoto mchanga au uvimbe wa mguu. Ukilitengeneza kwa picha nyingi za kawaida, mshiriki lazima atulie wakati unamzunguka, jambo ambalo mtoto wa miaka minne halifanyi. Ukitumia kifaa cha miale ya infraredi, jua la nje hukizidi nguvu. Kama huna chumba na umeme wa uhakika, liache.

Gharama isiyoandikwa kwenye bajeti

Kalipa huacha namba, picha huacha uso wa mtu. Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometriki, yaani za kumtambua mtu kwa mwili wake, na zinazohusu watoto kwenye kundi nyeti, na inadhibiti pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Mtafiti ambaye simu yake hupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni kila ikikuta intaneti amezisafirisha nyuso za washiriki wake bila kujua. Tumia kifaa kisicho na laini, au zima upandishaji huo. Usitegemee pia ule mstari mweusi juu ya macho: jirani atamtambua mtu kwa kidevu na kovu.

Utafiti wa afya utahitaji kibali cha maadili, kwa kawaida kupitia chuo au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kamati itauliza kwa nini unahitaji uso mzima kama unachopima ni jino. Ni swali la haki. Kijijini nako utaulizwa, kwa adabu lakini kwa msisitizo, picha hizi zinakwenda wapi. Watu waliowahi kuweka vidole kwenye mashine ili kusajili laini za simu, wengine wakirudia mara kadhaa kwa sababu jembe limezifuta alama, wana kila sababu ya kuuliza. Mzee wa kaya akijibiwa kwa ufasaha, na akaonyeshwa kwamba picha imekatwa ikabaki mdomo tu, kazi ya siku huenda vizuri.

Kwa anayetakiwa kuamua wiki hii, jaribio dogo litamsaidia kuliko makala yoyote. Tafuta watu kumi wa chuoni kwako, pima sifa yako mara mbili kwa kalipa na mara mbili kwa picha, siku tofauti, bila kutazama namba za kwanza. Kwa kila njia chukua tofauti ya vipimo viwili vya kila mtu, izidishe kwa yenyewe, jumlisha za watu wote, gawanya kwa ishirini, kisha tafuta kipeuo cha pili. Namba unayoipata ndiyo kosa la kawaida la njia hiyo, kwa milimita. Ilinganishe na tofauti unayotarajia kuikuta kati ya makundi yako. Ikiwa unatafuta tofauti ya mm 1 ya upana wa pua kati ya makundi mawili na kosa la picha yako ni mm 1.5, irudishe simu mfukoni, na hela uliyotenga kwa ajili ya stendi ya kamera itumie kununulia kalipa ya pili kwa ajili ya msaidizi wako.